Mayai Kwenye Kabati la Sampuli

Alhamisi, 16 Februari

Alhamisi ya Mafuta. Krakow nzima imepanga foleni nje ya maduka ya mikate, na leo hakuna wa kumsema mtu kwa ulafi, maana wiki ijayo Kwaresima inaingia. Nimekula donati saba. Profesa Wilk amekula moja, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa leso, kisha akanitazama tumbo mbele ya maabara nzima.

"Bwana Sowa," akasema, kama anayekagua sampuli, "utando wako unakua kwa unene tu. Mpangilio hamna."

Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, tena kwa sauti kuliko wote. Miaka kumi na moja chini ya mtu huyu imenifundisha kwamba anayecheka mwisho huulizwa kwa nini amechelewa.

Kwaresima hii naacha sigara. Daktari amesema mikono ikianza kuwasha niipe kazi nyingine. Basi kazi yenyewe ndiyo hii ya kuandika.

Jumatano, 22 Februari

Majivu kichwani, theluji chafu miguuni. Sijavuta.

Jumatatu, 27 Februari

Leo mikono inawasha kweli, na sababu ina jina: Kinga Brzoza, mwanafunzi wetu wa udaktari wa kemia, mwaka wa pili, mtoto wa wafuga mbuzi wa huko Sanok.

Kazi yetu ni hii. Unachukua kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu, unakichovya kwenye kimiminika chenye molekuli za aina moja, ndefu kama vijiti, kila moja ina mguu mmoja. Mguu unaipenda metali, unaishika. Ukirudi kesho unakuta molekuli zimesimama zenyewe safu kwa safu, bega kwa bega, zimekuwa utando wenye unene wa molekuli moja tu. Hakuna aliyezipanga. Ugomvi wetu wote, safari zetu, na nywele zetu zilizonyonyoka, ni juu ya huo mguu: ni wa kitu gani, unashika metali gani, na unashika kwa nguvu kiasi gani.

Mimi nimeandika makala sita kusema jambo moja tu: mguu ukishika kwa nguvu zaidi, safu inanyooka zaidi. Mguu wa salfa juu ya dhahabu, mzuri. Mguu wa seleni, mzuri zaidi. Kwa makala hizo nimeomba ile shahada ya juu ya udaktari ambayo kwetu mtu asipoipata kwa muda aliopewa, chuo humwonyesha mlango. Muda wangu unaisha Desemba. Nina miaka arobaini na tisa na sijui kazi nyingine.

Basi kwenye mkutano wa leo Kinga akasimama na kipande cha madini ya fedha, si dhahabu, na molekuli zenye mguu wa asidi. Mguu dhaifu. Mguu ambao mtu mwenye akili hapotezi nao wakati.

"Bwana Daktari Sowa anasema mshiko ukiwa mkali safu inanyooka," akasema, na akanigeukia kwa adabu. "Mimi naona molekuli ikishika mno, pale ilipoangukia ndipo inapobaki. Ikikosea nafasi, imekosea moja kwa moja. Ikishika kwa wastani inaweza kusogea, ikampisha jirani, ikapata pake. Halafu kuna jingine. Mguu ukibana sana, goti, kile kiungo cha juu yake, linalegea. Nguvu iliyoongezwa chini imeibwa juu."

Profesa akamenya chungwa. Huwa anamenya chungwa akitaka kumchinja mtu.

"Bi Kinga, haya umeyasoma wapi? Kwenye jarida la mapishi?"

"Nimeyapima, Bwana Profesa."

"Umeyapima siku moja. Mimi najali kitu kinachodumu. Utando wako ukae wazi, kwenye hewa hii hii tunayovuta sisi wenye dhambi, mpaka Pasaka ipite. Ukiwa bado umesimama, utaupeleka mbele ya kamati ya tathmini mwezi wa Aprili. Ukianguka, jina lako linafutwa, na mabasi ya Sanok yapo kila siku. Nasikia mama yako ana mbuzi."

"Wawili, Bwana Profesa. Wa tatu alikufa kwa kukosa mpangilio."

Maabara nzima ikaangua kicheko. Profesa hakucheka, na mimi sikucheka. Binti yule amesimama mbele ya watu amechana makala zangu sita, halafu anachekesha.

Alhamisi, 2 Machi

Ameweka vipande vyake kwenye kabati la sampuli, lile la ubaridi, ambalo ufunguo wake ninao mimi. Kila kipande na kisahani chake, bila kifuniko. Vinang'aa kama vioo vya kinyozi. "Nakuachia wanangu, Bwana Daktari," akasema. Nikamwambia kabati si shule ya chekechea.

Jumatatu, 6 Machi

Anakuja kuomba ufunguo kila asubuhi. Anafungua, anachungulia, anafunga, anaondoka akiimba puani. Kila asubuhi! Sijavuta.

Jumatano, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Profesa amegawa tulipu kwa wanawake wote wa idara. Ya Kinga ameitoa mwisho, iliyovunjika shingo. "Ishike kwa wastani," akamwambia.

Kinga aliifunga shingo kwa gundi ya maabara, akaiweka kwenye chupa mezani kwake. Mpaka jioni ilikuwa imesimama.

Jumanne, 14 Machi

Nakiri kwamba Kinga si mtu mbaya. Leo ameniletea mfuko wa mbegu za alizeti.

"Baba aliacha sigara kwa hizi," akasema. "Ila alinenepa."

"Mimi nimeshanenepa tayari."

"Basi huna cha kupoteza, Bwana Daktari."

Tulikaa tukitafuna na kutema maganda kwenye karatasi, nje ukungu na moshi wa makaa umeziba mpaka minara ya kanisa haionekani. Aliniuliza kama ni kweli nilikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Wilk. Nikasema ni kweli. Akauliza wa pili yuko wapi. Nikasema anauza vigae vya bafuni Katowice. Na wa tatu? Wa tatu hatumtaji. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akarudi kwenye mbegu zake.

Jumapili, 19 Machi

Nimekwenda maabara baada ya misa, peke yangu. Nilisema moyoni nakwenda kukagua pampu. Uongo. Nilifungua kabati, nikachukua kipande kimoja cha Kinga, nikakipima kwa eksirei.

Zimesimama. Wiki mbili na ushee hewani, na zimesimama wima, zimebanana, hakuna pengo. Nikatoa kipande changu bora cha dhahabu, kile cha makala ya nne, kile ambacho picha yake iko ukutani kwa Profesa. Nikakipima kando ya kile. Changu mbele ya chake ni kama meno ya mzee mbele ya meno ya msichana.

Nilizima mashine. Anasema kweli. Amesema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi kuandika kinyume chake kwa lugha nzuri. Akienda na vipande hivi mbele ya kamati, kufikia vuli kila msomaji wa makala zangu huko Warszawa, wanakopima maombi ya shahada, atakuwa ameshasikia. Nani atanipa shahada kwa kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili amekivunja kwa mguu dhaifu?

Naogopa. Ndivyo ilivyo, naogopa, na nikimwona kesho akiimba puani nitamchukia.

Jumatatu, 20 Machi

Aliimba. Nilimchukia.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Profesa amenikuta kwenye lifti. "Mbuzi wa Sanok wanaendeleaje mle kabatini?"

"Sijaangalia, Bwana Profesa."

Niliinamia viatu vyangu, naye akavitazama. Vilikuwa vimelowa. "Hujaangalia," akasema, kama anayeonja supu.

Alhamisi, 30 Machi

Kila mwaka, Jumatano kabla ya Pasaka, idara yetu hugawana yai. Kila ofisi nchini hufanya hivyo: yai lililochemshwa linakatwa vipande, unamwendea mwenzako na sahani, mnapeana kipande na kutakiana heri, hata kama mwaka mzima mmekuwa mkilana nyama. Mayai huchemsha mimi. Ni cheo changu cha pekee ambacho hakijawahi kupingwa na mtu.

Mwaka huu Profesa ametoa maagizo mapya. Mwaka jana maganda yalichafua zulia, kwa hiyo mayai yaje yamekwisha kumenywa. Jiko la ukumbini linapakwa rangi, na jokofu la wafanyakazi limejaa samaki na soseji za sikukuu.

"Chemsha Jumatatu, menya, uyaweke kwenye kabati la sampuli," akasema. "Lina baridi nzuri."

"Mle mna vipande vya Bi Kinga, Bwana Profesa. Viko wazi."

"Bi Kinga nimemtuma Warszawa Jumatatu na Jumanne, apeleke nyaraka wizarani." Akageukia kompyuta yake. "Kabati ni lako, Bwana Sowa. Wewe ndiye mtaalamu wa nini kinashika nini."

Jumatatu, 3 Aprili

Mayai sitini. Nimechemsha sufuria tatu, nimemenya yote mpaka vidole vimekunjamana.

Nchi hii kila bibi anajua kwamba yai halilwi kwa kijiko cha fedha. Kijiko kinakuwa cheusi. Nilijua nikiwa na miaka mitano, kwa sababu nilichapwa. Ute wa yai lililochemshwa unatoa hewa ya salfa, kidogo tu, pua inaisikia au haiisikii, lakini fedha inaisikia. Na salfa ikifika kwenye fedha haibishi hodi. Mguu wa asidi unashika kwa upole, ndiyo uzuri wake wote. Salfa inaung'oa, inakaa yenyewe.

Nayaandika haya ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikujua.

Nilisimama mbele ya kabati na beseni mikononi. Ningeweza kuhamisha visahani vya Kinga. Ni visahani tu, dakika moja ya kazi, chumba cha pili kina rafu tupu. Ningeweza kuyapeleka mayai nyumbani, mke wangu angelalamika kidogo yakaisha. Nilifikiria yote mawili. Nikafikiria na Desemba. Nikamfikiria yule wa vigae vya bafuni, jinsi tulivyokutana stesheni akajifanya anasoma gazeti.

Nikajiambia: Profesa ndiye aliyeagiza. Nikajiambia: nimefunika kwa kitambaa. Kitambaa! Mtu mwenye udaktari wa kemia anazuia hewa kwa kitambaa cha jikoni.

Beseni nililiweka rafu ya chini. Visahani viko rafu ya juu. Nikafunga kwa ufunguo.

Jumanne, 4 Aprili

Sikufungua. Nimetafuna mbegu zake mpaka ulimi umechubuka.

Jumatano, 5 Aprili

Nilitoa beseni mapema, kabla watu hawajafika, na sikuinua macho rafu ya juu. Saa sita tukakusanyika ukumbi wa semina. Meza nyeupe, mkate, paja la nguruwe, ule mzizi mkali uliokunwa ambao humliza kila mtu, na mayai yangu. Profesa akatoa hotuba juu ya ufufuko na bajeti.

Kinga aliingia tukiwa tumeshaanza, moja kwa moja kutoka treni ya Warszawa, nywele zimelowa. Wizarani walimwambia nyaraka zile zinatumwa kwa mtandao tangu miaka mitatu iliyopita, walimshangaa. Profesa aliposikia akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Uzee huu, Bi Kinga! Nisamehe."

Kisha Kinga akanijia na sahani. Alikata kipande cha yai, akakiweka mkononi mwangu.

"Nakutakia shahada yako, Bwana Daktari. Kwa kweli kabisa. Najua nimekuudhi. Makala yako ya nne ndiyo iliyonifanya nije maabara hii, nilikuwa sijawahi kukwambia. Hata kama naipinga."

Ilikuwa zamu yangu. Mtu lazima ajibu, ndiyo desturi. Nikamkatia kipande, nikamtakia sikukuu njema na afya kwa wazazi.

"Basi?" akasema. "Na fedha yangu je? Nitakie isichakae."

Nikamtakia. Nilitamka neno kwa neno, nikala yai lake, yeye akala langu.

Aliniomba ufunguo achungulie dakika moja tu. Nilimwambia nimeuacha nyumbani. Ulikuwa mfukoni unanichoma paja.

Jumatatu, 10 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Watoto wa jirani wamenimwagia ndoo nzima ya maji mlangoni, kama ilivyo ada ya leo. Mke wangu amecheka mpaka amekaa chini. Nimelowa nimesimama pale nikawaza kwamba nilistahili tope.

Jumatano, 12 Aprili

Tumerudi kazini. Kinga alikuja asubuhi kuomba ufunguo, akiimba.

Wimbo ulikatika. Hakupiga kelele. Nilikaa mezani kwangu nikisubiri kelele na hazikuja, mwishoni nikaenda. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati. Vipande vyote vimepata rangi ya chai, vingine kingo zimekuwa za kahawia.

"Bwana Daktari, njoo unuse," akasema.

"Sina pua. Mafua."

Aliinamisha kichwa ndani, akanusa tena. Kisha akafunga mlango wa kabati polepole kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa.

Alhamisi, 13 Aprili

Amevipima. Salfa kila mahali. Molekuli zake zimeng'olewa, zilizobaki zimelala ovyo. Profesa amepita, ametazama grafu, amesema, "Kumbe mguu dhaifu ni mguu dhaifu," na amekwenda chakula cha mchana.

Nimevuta sigara sita, moja baada ya nyingine, nyuma ya jengo.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ameanza upya na vipande vipya, lakini kamati ni wiki ijayo. Haimbi.

Jumatano, 26 Aprili

Kamati ilikuwa ya watu watatu, lakini aliyekuwa na uzito ni mmoja: Profesa Teodora Maj kutoka Wroclaw, mama mfupi, miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Hamwogopi Wilk. Wilk alikaa dirishani na chungwa lake, maana msimamizi wa mwanafunzi hana kura. Mimi niliitwa kama mtunza vifaa.

Kinga alieleza kila kitu, hakuficha. Akaonyesha vipimo vya mwanzo vilivyosimama, akaonyesha vya baada ya Pasaka vilivyoanguka. Akasema, "Utando haukuchakaa wenyewe. Salfa imeingia kutoka nje, ndani ya siku chache. Naomba wiki sita nirudie."

"Imeingia kutoka wapi?" akauliza Profesa Maj.

"Sijui, Mama Profesa. Ila kabati lilikuwa linanuka mayai."

Mmoja wa wale wawili akacheka puani. Profesa Maj hakucheka. Alishusha ile miwani ya kichwani.

"Ni jambo dogo kulithibitisha," akasema. "Kama kabati lilichafuliwa, jaribio ni batili, na binti anapewa wiki zake. Kama halikuchafuliwa, jaribio limeshindwa, na kanuni ni kanuni. Bwana Daktari, ufunguo unao wewe?"

"Ninao mimi."

"Kuna mtu aliweka kitu mle? Chakula, kemikali, chochote?"

Kinga alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa kunishtaki. Ningejua cha kufanya na mashtaka. Alinitazama kama mtu aliyechoka anavyolitazama basi lake likija.

Nikamtazama Wilk. Alikuwa ameacha kumenya, na alikuwa na shauku, ndiyo neno lake, kama mtu aliyewekeana dau na nafsi yake. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniachia niende mwenyewe.

"Kabati hilo nalitunza mimi kwa mkono wangu," nikasema. "Hakuna kilichoingia."

"Una uhakika?"

"Miaka kumi na moja, Mama Profesa. Nina uhakika."

Aliandika. Kinga akaangalia meza. Wakatutoa nje, na haikuchukua muda tukaitwa ndani kusikia kwamba jina lake linafutwa.

Kwenye ngazi Wilk alinipita akinukia chungwa. Akanipiga bega, mara moja, kwa wepesi. Kwa miaka yote hii hakuwahi kunigusa.

Ijumaa, 28 Aprili

Alikuja kuchukua vitu vyake. Sanduku moja la viatu lilitosha. Nilijifanya nina kazi, lakini alikuja mpaka mezani.

"Chini ya rafu kulikuwa na kipande cha ute wa yai," akasema. "Kidogo, kimekauka. Nilikiona siku ile ile nilipofungua."

"Kwa nini hukusema mbele ya kamati?"

"Nilidhani utasema wewe." Hakuwa na hasira, angalau si kwa sauti. "Nilikaa pale nikawaza, Bwana Sowa ni mwoga, lakini akiulizwa waziwazi atasema. Nilikuwekea nafasi useme. Mjinga nani sasa?"

"Bi Kinga..."

"Usiniombe radhi. Ukiniomba nitalazimika kukujibu, na mama hakunilea kujibu hivyo." Alinyanyua sanduku. "Na ufute kabati vizuri. Bado linanuka."

Nimefuta mara mbili.

Ijumaa, 5 Mei

Profesa aliniita ofisini mwake, akafunga mlango, akatoa chupa ya vodka na glasi mbili ndogo.

Kwetu mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina mpaka mkubwa mwenyewe aamue. Akiamua, mnapitisha mikono kiwikoni, mnanyweshana kila mtu glasi yake, mnabusiana mashavu, na kuanzia hapo mambo ya Bwana na Profesa yamekwisha. Wapo waliostaafu chini ya Wilk bila kuionja glasi hiyo.

"Niite Zenon," akasema.

Tukapitisha mikono. Ilishuka ikichoma. Nilikuwa, Mungu anisamehe, na furaha. Kifua kilinijaa kama cha mtoto aliyepewa baiskeli.

"Nilitaka kuona utasema nini mbele ya yule mama," akasema, akijimiminia tena. "Mayai nilikwambia uyaweke kabatini, ni kweli. Sikukwambia uwaambie kwamba hayakuwemo. Hilo ulilitunga mwenyewe, Roman. Nilivutiwa."

Nilizungusha glasi tupu mezani.

"Sasa kazi. Safisha kabati, agiza madini mapya ya fedha. Tunarudia mguu wa asidi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Tunarudia kitu gani?"

"Msichana alikuwa sahihi. Wewe unajua, ulikipima kipande chake ile Jumapili, mashine inaweka saa na jina. Mimi nilijua tangu mkutano ule wa kwanza. Lakini ugunduzi kama huo hauachiwi mtoto wa mbuzi." Akasukuma glasi kwangu. "Utafanya vipimo. Nitaandika mimi."

"Na makala zangu sita? Zenon, ukichapisha hayo, shahada yangu..."

"Ah, makala zako." Alitazama ile picha yangu ukutani, kipande changu bora cha dhahabu. "Zilikuwa nzuri kwa wakati wake. Kama hupendi, nenda kwa Teodora Maj umweleze sababu. Kunywa, itapoa."

Vodka haipoi. Nilikunywa.

Jumatano, 17 Mei

Jua. Miti ya kingoni mwa mto imechanua yote kwa pamoja, sina nafasi nayo. Vipande kabatini vinang'aa. Navichungulia kila asubuhi.

Jumatatu, 12 Juni

Warszawa wameniandikia kunishauri niondoe ombi langu la shahada "mpaka hali ya kisayansi itakapoeleweka." Kumbe Zenon ameshaanza kuzungumza kwenye makongamano.

Ijumaa, 23 Juni

Wiki sita zimetimia na ziada. Nimepima vipande vyote tangu asubuhi, peke yangu, na dirisha wazi. Zimesimama. Zote, wima, zimebanana, hakuna pengo hata moja, nzuri kuliko zile za Kinga, maana safari hii hakuna aliyezigusa.

Jioni Zenon ameniletea makala iliyokwisha kuandikwa nisome makosa ya uchapaji. Jina juu ni moja, lake. Jina la Kinga halimo. Langu nimelikuta ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kwenye shukrani: "Mwandishi anamshukuru Dkt. R. Sowa kwa kulitunza kabati la sampuli kwa uaminifu."

Sikuona makosa. Nimeirudisha.